Bi. Kaluki Mbithi Anakabidhi Ufunguo

Leo Ijumaa, tarehe 28 Septemba 2007, saa kumi alasiri, Bi. Kaluki Mbithi atatoka katika stoo ya Ofisi ya Maji ya Makanisa, Masii, kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi wake. Ametumikia miaka ishirini na sita kamili. Aliajiriwa Septemba 1981 akiwa mjane wa miaka thelathini na minne, na tangu siku hiyo hakuna sepetu, karai, mtaimbo wala wilbaro iliyotoka humo bila yeye kuikagua ikitoka na kuikagua tena ikirudi.

Mimi ni Mueni Masila, msaidizi wake kwa miaka sita iliyopita. Kamati ya sherehe ilinipa ukurasa mmoja. Mtanisamehe, wanakamati, Bi. Kaluki haenei ukurasa mmoja. Na kwa kuwa chakula bado kiko motoni, wageni wetu wana nafasi ya kusoma.

Kwa mliotoka mbali, ofisi hii ni ya makanisa ya hapa kwetu, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti. Kazi yake ni kuwaazima vifaa watu wa mwethya, yaani vikundi vya majirani wanaosaidiana kuchimba matuta mashambani na kujenga mabwawa ya mchanga. Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu. Mvua ikija, mto huleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake hadi kiangazi. Kupata maji hapo ni kufukua tu. Lakini ukuta haujengwi kwa maombi peke yake. Unahitaji vifaa, na vifaa vilikuwa kwa Bi. Kaluki.

Sheria yake kubwa ilikuwa fupi: chombo hulala safi. Ukirudisha jembe lenye matope, unarudi nalo. Mwaka 1989 mchungaji mmoja mgeni, ambaye jina namsitiria, alirudisha sepetu kumi zikiwa na saruji iliyokauka, akaanza kueleza kwamba ana ibada ya jioni. Bi. Kaluki alimletea ndoo ya maji na gunzi la mahindi, akamwekea na kigoda. Mchungaji alisugua sepetu kumi, akachelewa ibada, na wanaomfahamu wanasema mahubiri ya siku hiyo yalikuwa mafupi na mazuri kuliko yote aliyowahi kutoa. Tangu hapo huazima sepetu mbili tu.

Ufunguo wa stoo hakuuweka mfukoni wala kwenye droo. Aliuvaa shingoni, umefungwa kwa kamba ya mkonge aliyoisokota mwenyewe, ukakaa ndani ya gauni. Sisi tulimtania kwamba akifa tutauzika naye halafu ofisi ibomoe mlango. Alikuwa akicheka. Lakini kuna miaka, na hili nilikuja kulijua baadaye, ambapo mzaha huo ulimchoma.

Nilipoanza kuandika, aliniita akaniambia, "Mueni, usiandike kama mtu amekufa, mazuri matupu. Andika na ile ya ufunguo." Nikamwambia, Mama, hii ni sherehe. Akasema, "Ndiyo maana." Basi naandika. Mama yangu mzazi pia amekubali, na lazima akubali, maana kisa ni chao wawili.

Mama yangu ni Ngina Masila wa kijiji cha Kyamwee. Yeye na Bi. Kaluki walibatizwa siku moja, wakaimba sauti ya pili katika kwaya moja, wakaolewa kando ya mto mmoja, mmoja ukingo huu na mwingine ng'ambo. Mbithi, mumewe Bi. Kaluki, alipofariki mwaka 1979, mama yangu alivuka mto kila asubuhi kwa mwezi mzima, na mtungi wa maji mgongoni, ili mwenzake asilazimike kutoka nyumbani akiwa na kilio. Hayo nimeyasikia kwa watu wengi, kwa mama mwenyewe sijayasikia hata mara moja. Hajui kujisifu.

Halafu mwaka 1994 kanisa letu la udongo lilianguka kwa mvua. Tulipaswa kujenga jingine, na hapo ndipo shetani alipopata kiti cha mbele. Watu wa ukingo huu walisema lijengwe palepale. Watu wa ng'ambo, ndio sisi, tukasema mto ukijaa hatuvuki, tunakosa ibada nusu ya masika, kwa hivyo zamu hii lije kwetu. Ulikuwa ukingo wa mto tu, jamani! Si mafundisho, si ubatizo. Tuliimba kitabu kimoja cha nyimbo, tukaachana kwa sababu ya mahali pa kusimamisha nguzo.

Mkutano wa mwisho ulikuwa mbaya. Bi. Kaluki alisimama upande wa kwao akaeleza hoja yake vizuri mno, na mama yangu, aliyeona wanashindwa, akatafuta neno la kumkalisha chini. Akalipata. Alisema mbele ya watu wote kwamba Kaluki hakai na mtu, hata mume wake alimkimbia akaona heri kaburi.

Bi. Kaluki alikaa. Wiki iliyofuata kulikuwa na makanisa mawili Kyamwee, na kengele mbili zikishindana Jumapili asubuhi.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1996, nyanya yangu, mamake mama, alifariki. Stoo ya ofisi ina sufuria kubwa za kupikia matanga, na turubai, na watu wa makanisa yote huziazima. Baba yangu na wazee wawili walikuja Masii kuziomba. Bi. Kaluki aliwasikiliza, akawapa pole, kisha akawaambia ufunguo umepotea tangu jana.

Ulikuwa shingoni mwake.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Waombolezaji walikuja kutoka Tala, kutoka Katangi, wengine walitembea. Tuliwapikia kwa visufuria vya nyumbani, kimoja kikishuka moto kingine kinapanda, na chakula hakikutosha hata nusu yao. Waliondoka na njaa, wakiwa na adabu, wakisema wameshiba. Mama alisimama langoni akiwashukuru huku hawezi kuwatazama usoni. Kwetu Ukambani mtu anaweza kusahau tarehe uliyomzika mamako, lakini kama wageni walirudi na njaa, hilo halisahauliki.

Kwamba ufunguo haukupotea tulishuku tu. Asubuhi ya pili yake stoo ilifunguliwa kama kawaida. Bi. Kaluki kwa upande wake aliacha kushiriki Meza ya Bwana. Mkate ulipopita alikuwa akitoka nje, na akiulizwa anasema tumbo linamsumbua. Liliendelea kumsumbua kwa miaka mitatu.

Sasa nifike kwenye bwawa.

Mwaka 1997 ukame ulitubana sote, na makanisa yote mawili yakaiomba ofisi bwawa. Mtaalamu alipopima mto, akapata mwamba mzuri mahali pamoja tu, katikati ya wagomvi wawili. Wazee walikubali kujenga, ila si pamoja. Ukingo huu ungefanya kazi Jumanne, ng'ambo Alhamisi, kila upande ukianzia kwake na kuelekea katikati. Bartholomew Kilonzo, fundi wetu mkuu, aliwawekea uzi wa kufuata, kisha akaitwa Katangi kwa wiki tatu kwenye kazi nyingine. Upande mmoja ukashuku kwamba uzi umependelea upande wa pili, ukausogeza. Upande wa pili ukaona uzi umesogezwa, nao ukausogeza. Bartholomew aliporudi, alikuta kuta mbili nzuri, imara, zilizopitana katikati ya mto kwa hatua moja na nusu, kila moja ikitazama njia yake.

Mzee huyo hulia kwa nadra. Siku hiyo aliketi kwenye jiwe akavua kofia. Kwa kuwa saruji ilikuwa imekwisha na mawingu yamekuja, waliunganisha kuta hizo kwa kipande cha kukunja, nacho watu wakakiita kiwiko. Mvua ya El Nino ilipofika, mto ulikinyofoa kiwiko kwa alasiri moja. Mzee Abdille, mfanyabiashara wa mbuzi hapa sokoni, aliyekuwa akitegemea bwawa hilo kunyweshea mifugo, alikwenda kuona, akarudi akasema, "Mimi ni Mwislamu, sijui mambo yenu. Lakini hii si maji imevunja." Neno hilo lilizunguka Masii yote, na wengi liliwakera kwa sababu lilikuwa kweli.

Julai 1998 makanisa yote mawili yalikuja tena kuomba vifaa. Hapa ndipo Bi. Kaluki alipofanya kitu ambacho ofisi haikumtuma. Watu wa ukingo huu walipofika Jumatatu, aliwapa sepetu zote na mitaimbo yote. Wakauliza karai ziko wapi, akasema hizo ndizo zilizopo. Watu wetu walipofika saa mbili baadaye, akawapa karai zote na wilbaro zote. Wakauliza sepetu, akasema hizo ndizo zilizopo. Basi huku kuna watu wa kuchota mchanga wasio na cha kuutilia, na kule kuna watu wenye cha kuutilia wasio na cha kuchotea. Walitazamana kutoka ukingo hadi ukingo siku nzima ya Jumanne. Jumatano wakaanza kazi, pamoja, wakiwa wamenuna.

Waswahili husema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Bi. Kaluki alikuwa na majembe yote, ila hakuenda kulima. Ameniambia kwamba huo ulikuwa uongo wake wa pili katika maisha ya stoo, na kwamba ameutubia pia, lakini kwa sauti ya chini.

Hila hiyo ilimnasa hata yeye. Sheria yake nyingine ni kwamba vifaa vyote vikitoka, mtunzaji huvifuata. Kwa hivyo kila siku alikuwa pale mtoni akihesabu sepetu, na kila siku alikutana uso kwa uso na mama yangu, aliyekuwa akibeba mchanga. Hawakusalimiana. Nilikuwa hapo, na mchanga wangu kichwani, nikimtazama Bi. Kaluki kwa macho ambayo leo yananiaibisha.

Kitu kilichomshinda nguvu, alisema, ni mioto miwili. Watu walichanganya saruji pamoja, lakini saa ya kula kila kanisa liliwasha moto wake na kupika kisufuria chake, wakala wakiwa wamepeana migongo. Aliwatazama siku tatu. Siku ya nne, Jumamosi, pikapu ya ofisi iliteremka mtoni, na nyuma yake kulikuwa na sufuria kubwa kuliko zote za stoo, ile ya watu mia mbili.

Mama aliiona akatua karai. Sote tuliijua ni ipi.

Bi. Kaluki hakungoja mtu amkaribishe. Alivua kamba ya mkonge shingoni, akainua ufunguo, akasema kwa sauti ya kusikika kingo zote mbili. "Ngina, siku ya matanga ya mama, ufunguo haukupotea. Ulikuwa hapa kifuani. Nilisikia bwana yako akiniomba na nilikuwa nausikia ukinigusa. Watu wako walienda na njaa kwa sababu yangu. Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako." Kisha akabaki amesimama, ufunguo juu.

Mama akautazama ule ufunguo. Aliutazama muda mrefu hivi kwamba saruji ilianza kushika kwenye karai, na hakuna aliyejali isipokuwa Bartholomew, naye hakuthubutu kukohoa. Mimi nilitaka amtukane. Nasema kweli, niliomba kwa Mungu, palepale, amtukane.

Mwishowe mama akasema, "Kaluki, mama nilizika mara moja. Leo sina mtu wa kuzika. Sasa umeleta sufuria. Maharagwe iko wapi?"

Wee! Watu walicheka hadi wengine wakaketi mchangani, na waliocheka walikuwa wakipangusa machozi. Mioto miwili ikavutwa ikawa mmoja, muthokoi wa ukingo huu, yale mahindi yaliyokobolewa, ukamwagwa pamoja na maharagwe ya ng'ambo, na watu wakala wakitazamana.

Ningeweza kuishia hapo, na hadithi ingependeza. Lakini mama alikula siku hiyo bila kumsemesha Bi. Kaluki neno jingine, na tuliporudi nyumbani aliniambia, "Mdomo wangu umefika. Moyo bado iko njiani." Ulikaa njiani mwaka mzima. Ukuta ulikamilika, safari hii ukiwa mmoja ulionyooka, na masika ya 1999 yakaujaza mchanga, na mama bado alikuwa akipitia njia nyingine akimwona Bi. Kaluki sokoni. Nilidhani ni hasira. Kumbe ilikuwa haya. Makosa ya mwenzake yalikuwa yameungamwa mbele ya watu wote, yake yalikuwa bado yamekaa pale yalipotamkwa mwaka 1994.

Agosti 1999, kiangazi kilipokomaa na watu wakaanza kufukua maji bwawani, mama alijaza mtungi, akauweka mgongoni kama zamani, akavuka kwa kukanyaga juu ya ukuta ule, akaenda hadi mlangoni kwa Bi. Kaluki. Mimi sikuwepo. Wote wawili wamenieleza, na maelezo yao yanafanana. Mama alitua mtungi akasema, "Mbithi alikuwa mtu mzuri. Hakukukimbia. Nilimsema vibaya na alikuwa amelala." Bi. Kaluki akaingia ndani akatoa kikombe, akachota maji hayo, akanywa, akampa naye akanywa. Wanasema walikaa hapo mlangoni hadi jua likawafikia miguuni, wakilia na kukumbushana mambo ya kwaya.

Jumapili iliyofuata tumbo la Bi. Kaluki lilipona. Alishiriki Meza ya Bwana kanisani kwetu, ng'ambo, na mama kando yake. Bado tuna makanisa mawili Kyamwee, nisiwadanganye, na kengele bado zinashindana. Lakini Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tunashiriki Meza pamoja, mwezi huu kwao, mwezi ujao kwetu, na tunavukia ukutani.

Nilibaki mimi. Mwaka 2001 ofisi ilipotafuta msaidizi wa stoo, mama ndiye aliyenisukuma. Miezi ya kwanza nilifanya kazi vizuri na kusalimu kwa ufupi. Bi. Kaluki hakujitetea hata siku moja, wala hakunikumbusha kwamba mama yangu amesamehe. Alinifundisha kutia mpini jembe, kukunja turubai bila kuipasua, kutambua kwa kidole sepetu iliyooshwa kwa uvivu.

Kisha siku moja saa ya chakula akaja mtu tusiyemjua, amelowa mvua, amefiwa na mkewe, hajui hata ofisi hii ni ya nani. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kuomba. Bi. Kaluki alisimama na chakula mdomoni, akaacha kiatu kimoja chini ya meza, akakimbia kufungua stoo. Alimpakilia sufuria tatu na turubai mbili kabla yule mtu hajamaliza kutaja jina lake. Nilimwona akihangaika na kufuli, mwanamke wa miaka hamsini na minne, mguu mmoja matopeni, na nikaelewa kwamba kila matanga yanayokuja kwake ni yale ya nyanya yangu. Nilimwokotea kiatu. Nikamwita Mama kwa mara ya kwanza.

Tangu mwaka 1998 hakuna aliyeombwa barua ya kanisa wala kuulizwa dhehebu akifiwa. Mzee Abdille alipompoteza ndugu yake, sufuria hakuhitaji, wao wana zao, lakini turubai zetu ndizo zilizowafunika wageni wake, na Bi. Kaluki alikwenda kuzifunga mwenyewe. Mabwawa thelathini na moja yamejengwa kwa vifaa alivyovitunza. Sepetu za mwaka 1981 bado zipo kazini, nne, na mtu akizirudisha chafu, hata leo, namhurumia.

Bi. Kaluki, ofisi nzima inakushukuru. Makanisa yote, ya kingo zote, yanakushukuru. Umeomba usipewe kiti cha heshima, eti kinaumiza mgongo, kwa hivyo tumekununulia ng'ombe wa maziwa, naye amefungwa nyuma ya stoo na amekwisha kula maua ya mkurugenzi. Nenda ukapumzike. Lala hadi jua litoke. Mbegu zako zote zishike, magoti yasiume, na wajukuu wakuogope kidogo tu. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi na tamu, ndilo ombi letu sote.

Sufuria iliyoko motoni hapo nje, mnayoisikia harufu yake, ndiyo ile ya watu mia mbili. Anayeikoroga ni mama yangu, na amekataa kusaidiwa. Leo hakuna mtu atakayetoka Masii na njaa.

Na mimi, Bi. Kaluki, jana ulinivalisha ile kamba ya mkonge, ukanifunga fundo kwa mikono yako. Niliyotaka kusema ni haya. Siku tutakapokuja kwako, Mama, kwa kilio ambacho Mungu akicheleweshe sana, usiwe na wasiwasi juu ya wageni wako. Nitakuwa mlangoni mwa stoo kabla hawajafika. Ufunguo uko hapa kifuani, nausikia ukinigusa, na haujapotea.